Nyumba Aliyoiruka Balozi

Mama Esteria wa Kwemvumo alipewa na Mungu vitu viwili kwa wingi, sauti na huruma. Subira nayo ilipogawanywa, bila shaka alikuwa njiani anampelekea mtu viazi.

Kwemvumo ni kitongoji kilichokaa mgongoni mwa mlima, juu ya barabara iendayo Irente, nyumba zake zimetawanyika pande mbili za bonde dogo. Mtu wa upande huu humwona jirani wa upande ule akipepeta maharage, lakini akitaka kumwazima ungo ni lazima ashuke mpaka mtoni, avuke, kisha apande huku anahema. Ndiyo maana sauti ya Mama Esteria ilikuwa mali ya umma. Kwaya ya usharika iliishindwa zamani. Walimweka sauti ya pili akawafunika wa sauti ya kwanza. Wakamsogeza nyuma karibu na mlango, akawafunika kutokea mlangoni. Hadi mwalimu wa kwaya akamwomba, kwa unyenyekevu mkubwa, awe mtunza majoho. Lakini watu wa Kwemvumo walipotafuta balozi wa nyumba zao, hakuna aliyebishana. Walitaka mtu wa kusikika, na huyu alisikika hata na wasiotaka.

Huruma yake ndiyo ilikuwa na matatizo. Kuna mtalii mmoja alipotea akitoka Irente, akabisha hodi kuuliza njia. Aliondoka jua likizama, ameshiba viazi na maziwa ya mgando, amevaa sweta la marehemu Sefania, mume wa Mama Esteria, na soksi zake zimefuliwa bado mbichi. Njia yenyewe alikuja kuonyeshwa na Idrisa, jirani wa ng'ambo ya bonde, huko chini, maana Mama Esteria katika kumhudumia alisahau kwamba mgeni alikuwa ameuliza kitu.

Esteria ni jina lake mwenyewe; watoto wake wawili, Alen na Yusta, walikuwa wamekwisha kushuka mlima, mmoja Dar es Salaam, mwingine Tanga. Nyumba ilikuwa kimya. Mbuzi wake alikuwa mmoja na alishahurumiwa hadi akanenepa asiweze kupanda tuta. Kwa hiyo Jumapili ile mchungaji aliposimama kutangaza kwamba usharika utapokea familia ya wakimbizi kutoka Kongo, Mama Esteria alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili ili asisimame kabla tangazo halijaisha. Hakufaulu.

Familia yenyewe ilikuwa ya mtu na mkewe, Asukulu na Mapendo, na watoto wao watatu. Walikuwa wameishi miaka mingi kambini Kigoma. Asukulu aliumia mgongo, na serikali ikawapa kibali cha kukaa nje ya kambi ili apate matibabu ya muda mrefu. Usharika nao ukatoa nyumba aliyokuwa akikaa mwinjilisti, upande wa pili wa bonde, kati ya kwa Idrisa na kwa Evelina. Walifika mwezi wa Machi, ukungu umekaa chini, wamevaa nguo za nchi ya joto, meno yanagongana.

“Jambo, Mama!” Mapendo alimsalimu, akitabasamu.

Mama Esteria alishtuka. Mwanamke wa umri wa Yusta, anamwambia jambo! Kwetu hata mbuzi angejua kwamba hapo panahitaji shikamoo. Akakumbuka kwamba kila nchi ina adabu zake, akameza mshtuko, na somo la kwanza likaanza hapo hapo, mizigo bado iko kichwani. Aliwafundisha vizuri mno. Kwa wiki nzima Asukulu, mtu mzima mwenye ndevu, alimpa shikamoo kila aliyepita, hadi kijana wa bodaboda, ambaye aliitikia “marahaba” bila haya na kuendelea na safari yake.

Basi huruma ikapata pa kufanyia kazi. Kukicha, Mama Esteria alikuwa ameshavuka bonde na chupa ya maziwa. Alimwonyesha Mapendo jinsi ya kuwasha kuni, Mapendo aliyekuwa amewasha kuni tangu ana miaka sita. Alimwonyesha jinsi ya kupika makande, akaonja, akasema bado, akayapika mwenyewe. Alihamisha mafiga yake kutoka kona hii hadi ile, kwa sababu ya upepo. Watoto aliwavalisha masweta mawili mawili, wakawa wanatembea mikono imetanda pembeni, hawawezi kuishusha. Wakienda soko la Lushoto, yeye ndiye aliyezungumza. “Huyu ni mkimbizi wangu,” aliwaambia wauza vitunguu, mkono begani kwa Mapendo, “muongeze kidogo.” Na Mapendo alisimama pale, kikapu mkononi, anatazama vitunguu.

“Mama Alen,” alimwambia siku moja rafiki yake Bi Tatu, ambaye kila mtu humwita Mama Sharifu, na ambaye shamba lake la karoti linapakana na la Mama Esteria. Hawa wawili wamegombana kila siku tangu walipokuwa wasichana, na siku wasipogombana, mmoja ni mgonjwa. “Mama Alen, wahenga walisema tenda wema uende zako. Wewe umetenda wema, ukavuta kigoda, ukakaa.”

“Una wivu, Mama Sharifu.”

“Nina wivu, ndiyo. Mimi goti linaniuma mwaka wa tatu, hujaniletea hata jani la kabichi.”

“Wewe si mgeni.”

“Alhamdulillahi,” akasema Bi Tatu, akaendelea kung'oa karoti.

Masika yakaja na hasira zake, yakabomoa ukingo wa barabara chini ya kitongoji. Gari la kubeba mboga likawa halipandi, na kabichi zikaanza kuozea shambani. Hapo hakuna serikali ya kusubiri. Hapo ni msaragambo. Kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake, kila Jumamosi, mpaka kazi iishe. Na msaragambo wa Kwemvumo huitwa kwa mdomo. Idrisa alishawahi kufungua kikundi cha wasapu kwa ajili hiyo, lakini mtandao wetu huondoka na ukungu na kurudi unapotaka, na Mama Esteria hajawahi kuondoka na ukungu.

Alfajiri ya Jumamosi hupanda juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba yake na kuita nyumba moja moja, akifuata mlima ulivyo. “Kwa Abrahamuuu!” Na kutoka kwa Abrahamu mtu huitika, “Eeee!” “Kwa Mama Sharifuuu!” “Eeee, usinipasue masikio!” Nyumba isiyoitika huitwa tena. Isipoitika mara ya pili, ya tatu huitwa na matusi ya adabu, yale yanayoruhusiwa, na bonde zima hukaa kimya ili kuyasikia vizuri. Watu wengine huchelewa kuitika kwa makusudi, wapate kusifiwa uvivu wao kwa sauti nzuri kama ile.

Jumamosi ya kwanza ya msaragambo, Mama Esteria aliita, akavuka bonde kwa sauti, akafika kwa Idrisa, na baada ya Idrisa akaita kwa Evelina. Kwa Asukulu alipaacha. Hakusahau. Aliwaonea huruma. Watu wamekimbia vita, wametembea nchi mbili, baba hawezi kuinama, leo nao waitwe kubeba mawe? Alijisikia vizuri siku nzima kwa kutowaita.

Jumamosi ya pili akapaacha tena. Ya tatu, alipokuwa akishuka kwenda barabarani, alimkuta Mapendo amesimama kando ya njia. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni na begani ana jembe, ambalo halikuwa lake. Aliliazima kwa Evelina.

“Shikamoo, Mama. Leo mi nimejitayarisha.”

“Marahaba, mwanangu! Umejitayarisha kwa nini?” Mama Esteria akacheka kwa upendo, akamtoa lile jembe begani taratibu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. “Rudi ndani upumzike. Hii ni kazi ya wenye kijiji.”

Alisema hivyo. Na hakusikia alichosema, yeye mwenye kusikika mlima mzima. Mapendo alisema “Aksanti, Mama,” akageuka, akarudi ndani, akapumzika.

Jumatatu yake Bi Tatu alikuja bila utani usoni, jambo ambalo peke yake lilitosha kumtia mtu homa.

“Mkimbizi wako kaniomba magunia mawili.”

“Ya nini?”

“Ya kufungia vyombo. Wanarudi kambini Alhamisi hii. Mchungaji kabembeleza mpaka kachoka, sasa kakubali kwa shingo upande kuwapeleka hadi Mombo wakachukue basi.”

Mama Esteria akakaa chini, hapo hapo kwenye tuta, juu ya miche ya watu. “Na mgongo wa Asukulu? Daktari kasema matibabu hayajafika hata nusu!”

“Kampigie kelele mgongo,” akasema Bi Tatu, lakini kwa upole.

Na unadhani mama yetu alifanya nini? Kama mgonjwa anayezidiwa na dawa, aliongeza dawa. Alimkamata jogoo wake, jogoo mkubwa wa Krismasi, akachukua kabichi mbili na sweta jingine, akavuka bonde akiwa amepakia kila kiungo. Mapendo alimpokea jogoo kwa mikono miwili. Ndani ya nyumba vyombo vilikuwa vimepangwa sakafuni, na Asukulu ameketi kaegemea ukuta na mkanda wake wa mgongo, anatazama pembeni kama mtu asiyetaka kuhusishwa.

“Tumewakosea nini?” akauliza Mama Esteria.

“Hamjatukosea kitu, Mama. Mmetupa kila kitu.”

“Sasa?”

Mapendo alimtazama yule jogoo kwa muda. Jogoo naye akamtazama.

“Kambini kulikuwa na shida,” akasema. “Lakini siku ya kugawa chakula walikuwa wanatuita majina. Ukiitwa, unaitika. Hapa kila Jumamosi mi nasikia Mama anaita mlima wote. Anafika kwa Idrisa, anaruka, anaita kwa Evelina. Watoto wamejua kufuata, wanaita pamoja na Mama. Jumamosi ile mdogo akaniuliza, eti sisi tunakaa wapi?”

“Mwanangu, nilikuwa nawahurumia!”

“Najua, Mama. Ndiyo maana sikusema.”

Mama Esteria aliondoka na hakuaga. Bonde hajawahi kulivuka polepole hivyo. Alipofika kwake alimkuta Bi Tatu anamsubiri mlangoni, akamgombeza kwa jumla, kwa Kishambaa kwanza na kisha kwa Kiswahili, kwamba angemwambia mapema, kwamba rafiki gani huyu anayeona jirani anatumbukia shimoni na kukaa kimya.

“Nilikwambia,” Bi Tatu akasema. “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulimnyang'anya hata la kuazima. Umewalisha ugeni mpaka umewavimbia.”

Jioni hiyo hakula. Alikaa jikoni, na kilichomjia ni Dar es Salaam. Mwaka uliopita Alen alimchukua akakae naye, kwa upendo, hakuna asemaye vinginevyo. Akamwekea kiti chenye mto mbele ya runinga. Akishika ufagio ananyang'anywa, akienda jikoni anarudishwa kwa heshima: Mama, pumzika. Mkwewe alimletea chai, mjukuu alimletea kandambili. Mpaka siku moja walikaa wakapanga mambo ya nyumba, nani afanye nini, na walipomfikia yeye wakatabasamu, wakaendelea na mwingine. Usiku ule alilia kwenye ule mto wao mzuri. Kesho yake akasema amepata habari kwamba mbuzi wake anaumwa, akapanda basi. Mbuzi alikuwa mzima kabisa.

Sasa akajionea aibu, aibu ya kweli, ya kumchoma mtu masikio. Alichofanyiwa yeye kwa siku chache, naye alikuwa amewafanyia wenzake tangu mwezi wa Machi, tena akijisifu. Na alikuwa mpweke, hilo nalo alilikubali mwenyewe mbele ya mafiga yake. Akina Mapendo wakiondoka Alhamisi, hakujua kukicha Ijumaa atakwenda wapi na ile chupa ya maziwa.

Angeweza kusubiri Jumamosi, lakini Jumamosi wangekuwa njiani. Kwa hiyo Jumatano alfajiri, siku ambayo haijawahi kuitwa msaragambo tangu dunia iumbwe, Mama Esteria alipanda jabali gizagiza, kitenge begani, ukungu umejaa bonde hadi ukingoni.

“Kwa Abrahamuuu!”

Ikaja sauti yenye usingizi: “Leo Jumatano!”

“Nimekuuliza siku? Barabara inajua siku? Kwa Abrahamuuu!”

“Eeee,” akasalimu amri Abrahamu.

Akaenda nyumba kwa nyumba. Bi Tatu aliitika mapema mno, kama aliyekuwa macho anangoja. Wengine waliitika kwa kunung'unika. Idrisa aliitika. Na hapo Mama Esteria, ambaye koo lake halijawahi kumwangusha harusini wala msibani, akajikohoza.

“Kwa Asukuluuu!”

Ukungu ukalibeba jina, ukavuka nalo, ukalirudisha kutoka mlima wa pili. Hakuna aliyeitika. Jogoo mmoja aliwika huko, na Mama Esteria alimtambua kuwa ni wa kwake, lakini huyo hahesabiki.

“Kwa Asukuluuu!”

Kimya. Sasa bonde zima lilikuwa macho. Evelina, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alikuwa ameshatoka nje na hathubutu kukohoa. Mama Esteria alisimama pale juu, akijua kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho, na kwamba akiwabembeleza tu wamekwenda. Akavuta pumzi hadi kitenge kikamdondoka.

“Kwa Asukuluuu! Ninyi mmelala au mmefukiwa? Mnangoja mbebwe na machela? Watu wazima, mna mikono, mna miguu, mnakunywa maji ya mlima huu, mnakanyaga barabara yetu bure, mkiitwa mnajifanya viziwi! Hata kobe wa Mombo ameshafika! Mapendooo! Toka na jembe kabla sijaja kukutoa na shuka lako!”

Sauti ilipasuka mwishoni, kwenye shuka, na ikawa wazi kwa kila mwenye masikio kwamba balozi wa Kwemvumo analia.

Kisha upande wa pili, ndani ya ukungu, vikaitika vijisauti vitatu kwa pamoja, vyembamba, vya haraka, kama vilivyokuwa vimezibwa midomo muda wote. “Eeee!” Na nyuma yake, kwa kuchelewa, sauti ya mama yao: “Eeee!”

“Kwa Evelinaaa!” Mama Esteria akaita upesi, kwa kuwa hakuwa na jambo jingine la kusema.

Mapendo alifika barabarani wa mwisho, jua limeshatoka. Watu walikuwa wameanza kupanga mawe kwenye ukingo. Wote wakasimamisha kazi, maana sheria ya msaragambo kila mtu anaijua: aliyechelewa huchota maji ya kunywa ya wote, na chemchemi iko mbali, tena mlimani. Mama Esteria alimtazama yule mwanamke mwembamba, akafungua mdomo. Bi Tatu, jiwe mkononi, akamkazia macho. Mdomo ukafungwa, ukafunguka upya.

“Aliyechelewa anajua adhabu yake. Ndoo ile pale.”

“Sijachelewa!” Mapendo akasema.

Hakuna aliyewahi kumsikia akibisha kitu chochote, tangu Machi.

“Umechelewa.”

“Kumeitwa siku isiyokuwa yake! Mi nilikuwa nafunga magunia, sasa nimeyafungua, nimetafuta jembe. Kuna mtu mwingine ametafuta jembe hapa?”

“Ndoo,” akasema Mama Esteria, akiitaja kwa shida.

Mapendo aliinyakua, akapanda. Na tulimsikia njia yote, kwenda na kurudi, maana naye, kumbe, ana sauti. Ndoo inavuja. Njia imejaa utelezi na hakuna aliyeichonga ngazi. Makande ya hapa hayana chumvi na hakuna anayethubutu kusema. Masweta yanawasha. Na balozi, huyo balozi, ana upendeleo, mtu wa kwao akichelewa, angemtuma hivi?

Mama Esteria alisikia kila neno. Aliinua jembe lake juu ya bega, akapaza sauti kuelekea mlimani.

“Nani huyo anayemsema balozi?”

“Mimi!”

“Mimi nani?”

Mapendo akatokea kwenye kona, ndoo kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, amekasirika vizuri kabisa.

“Mimi wa kwa Asukulu!”

“Basi na ndoo ya pili utaileta wewe,” akasema Mama Esteria, akageukia ukingo upesi na kuanza kukagua mawe ambayo yalikuwa yamekwisha kukaguliwa.